Mwizi Akiingia Kwenye Daftari Lililo Winguni

(Hotuba tuliyoitoa kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia katika semina ya siku moja kwenye ukumbi wa parokia)

Tunawashukuru kwa kuacha kazi za shamba na za soko mkaja kukaa nasi leo. Tunajua wengine wenu mmetoka mbali na njia ina matope. Tutajaribu kusema yale yatakayowafaa mkirudi nyumbani.

Katika ukumbi huu tumezungumza mara nyingi juu ya mbuzi wa maziwa, matangi ya maji, mikopo na uongozi bora. Leo tumeleta jambo ambalo miaka ya nyuma hatukulifikiria kabisa: usalama wa vitabu vya kikundi vilivyowekwa mtandaoni, mahali panapoitwa wingu. Msiogope jina. Kama unajua kulinda sanduku la kikundi, nusu ya somo hili unaijua tayari.

WINGU NI NINI?

Siku tulipoambia kikundi kimoja kwamba kitabu chao cha mikopo sasa kitakaa kwenye wingu, mzee mmoja alituuliza, "Na mvua ikinyesha je?" Tulicheka sote. Baadaye tuliona kwamba swali lake lilikuwa zuri kuliko jibu tulilompa.

Wingu hili haliko angani. Ni majengo makubwa hapa hapa duniani, yaliyojaa kompyuta za kampuni zinazofanya kazi hiyo ya kuwawekea watu habari zao. Ukiandika kitabu chako kwa simu na kukihifadhi mtandaoni, kinakwenda kukaa huko. Simu ikianguka mtoni kitabu hakipotei. Unaazima simu nyingine, unaandika jina la akaunti na neno la siri, nacho kinafunguka. Mwenyekiti, katibu na mweka hazina wanaweza kukisoma kila mtu akiwa kwake. Faida hiyo ni kubwa, na hatukuja hapa kuwaambia muiache.

Lakini hata majengo hayo huungua. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo moja la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Hakuna mtu aliyeumia, lakini wateja wengi walipoteza kazi zao. Wengine walikuwa na nakala ya akiba, kumbe nakala yenyewe iliwekwa palepale penye moto. Mzee wetu angewauliza, "Na nyumba ikiungua je?"

Tena kuna mgawanyo wa kazi ambao lazima tuuelewe. Kampuni inalinda jengo: kuta, umeme, askari wa mlangoni. Ufunguo wa kitabu chako unaulinda wewe. Mwizi akija na ufunguo wako, mashine itamfungulia, maana haijui sura ya katibu wenu. Inajua neno la siri tu. Wizi ambao sisi tumeuona huku vijijini haukuvunja jengo la kampuni yoyote. Ulikuja na ufunguo mkononi.

KISA CHA KIKUNDI KIMOJA

Kama tulivyozoea, tuanze na kisa, halafu tuulizane. Kikundi hiki hatutakitaja jina. Wenyewe wameturuhusu tukieleze kisa chao ili wengine wajifunze.

Ni kikundi cha akina mama wengi na wanaume wachache. Wana meri-go-raundi na mikopo midogo. Fedha zao hukaa katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo tatu ziko kwa watu watatu. Sanduku hilo halijawahi kuibiwa hata shilingi moja.

Kitabu chao kilikuwa daftari kubwa lililochakaa, na panya walikuwa wameanza kulila pembeni. Sisi ndio tuliowashauri waliache. Katibu wao, msichana aliyemaliza kidato cha nne, alikuwa na simu ya kisasa. Akafungua akaunti, akanakili yote: hisa, mikopo, namba za simu na za vitambulisho. Tulimsifu mbele ya vikundi vingine. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza: ufunguo wa kitabu hiki uko kwa watu wangapi?

Jumanne moja jioni alipata ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa namba ya mama mwenyekiti: "Katibu, kuna namba ya tarakimu sita imeingia kwako kwa makosa, nitumie haraka." Na kweli, namba ilikuwa imeingia. Nani angemkatalia mama mwenyekiti? Akaituma. Hakujua kwamba WhatsApp ya mama mwenyekiti ilikuwa imetekwa siku iliyotangulia kwa ujanja huohuo, na kwamba namba ile ndiyo ufunguo wa akaunti ya kikundi.

Usiku uliingia ujumbe kwamba akaunti imefunguliwa katika simu nyingine. Aliuona, akadhani ni matangazo. Asubuhi simu ikamtaka aandike neno la siri upya. Akaandika, ikakataa. Akasema moyoni, mtandao wa leo ni mbaya.

Alhamisi wanachama wakaanza kupata ujumbe: mtoto wa mama mwenyekiti amelazwa, tumeni mchango wa dharura kwa namba hii. Akina mama watatu walituma. Wa nne hakutuma. Yeye alifunga leso, akabeba maziwa kidogo, akaenda kwa miguu kumpa mama mwenyekiti pole. Alimkuta mtoto akichunga mbuzi.

Hapo ndipo wizi ulipojulikana. Lakini tazameni kilichofuata. Ijumaa katibu alisaidiwa na kijana wa saiba, akarudishiwa akaunti, akabadilisha neno la siri. Kitabu kilikuwepo, hakijaguswa. Akashusha pumzi. Yeye na mama mwenyekiti wakakubaliana wasiseme kitu, wasije wakatia watu hofu. Kumbe mwizi alikuwa ameacha namba yake ya simu ndani ya akaunti, kama mtu anayeacha mlango wa uani umerudishwa tu bila kufungwa. Jumamosi usiku akarudi kwa mlango huo. Alipoona wamemgundua, alifuta kitabu chote, na pipa la taka pia akalimwaga.

Jumapili mkutano ukaanza bila kitabu. Mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Katibu amekula pesa, sasa anasingizia mtandao." Mwingine akasema kwa sauti ya juu. Wenye mikopo mikubwa wakaanza kutaja midogo. Mume wa mwanachama mmoja akaja kudai hisa za mke wake siku hiyo hiyo. Katibu alilia mbele ya watu. Sisi tulikuwepo, na hatukujua la kusema, kwa sababu ushauri ulikuwa wetu.

Sasa tuulizane. Ni nini kilichotaka kuvunja kikundi hiki? Ni mwizi peke yake? Sisi tunaona mambo matatu zaidi: ufunguo ulikuwa mkononi mwa mtu mmoja, nakala haikuwepo mahali pengine, na watu walinyamaza tangu siku ya kwanza. Mwizi hatuwezi kumzuia asizaliwe. Hayo matatu tunaweza kuyarekebisha.

KWANZA: KUGUNDUA MAPEMA

Mwizi wa namna hii hatoi kelele. Lakini huacha alama. Mkiona mojawapo ya hizi, msingoje ya pili:

- Simu inakutaka neno la siri ambalo jana halikuwa na shida, nalo linakataliwa.
- Unapata ujumbe kwamba akaunti imefunguliwa katika simu au kompyuta usiyoijua.
- Unapata namba ya tarakimu sita ambayo hukuiomba.
- Laini yako inakosa mtandao ghafla na wenzako waliokaa nawe wanao. Huenda mtu ameisajili upya namba yako.
- Katika kitabu kuna mstari ambao katibu hakuuandika, au jina geni miongoni mwa walioruhusiwa kukisoma.
- Mtu wa kikundi anaomba fedha kwa ujumbe na hataki kupokea simu.

Msifikiri ni sisi watu wa kijijini tu tunaochelewa kuona. Mwezi Machi 2019 mtu aliingia katika habari ambazo benki ya Marekani iitwayo Capital One iliziweka kwenye wingu. Ukuta wao wa ulinzi ulikuwa umepangwa vibaya, naye akapita. Zilikuwa habari za watu karibu milioni 100 wa Marekani na milioni 6 wa Kanada. Benki ilijua lini? Mwezi Julai, karibu miezi minne baadaye. Hata hivyo haikujua kwa mitambo yake. Mtu wa nje aliona habari hizo mahali zisipotakiwa kuwa, akaiandikia benki. Mwaka 2020 wasimamizi wa mabenki waliitoza benki hiyo faini ya dola milioni 80.

Lakini jambo moja benki ile ilifanya vizuri. Ilikuwa na anwani ambapo mtu yeyote angeweza kuleta habari mbaya, na habari ilipoletwa ilisomwa na kufuatiliwa. Je, kwetu anayeleta habari mbaya anapokelewaje? Yule mama aliyekwenda kutoa pole aliambiwa na wengine kwamba ana tabia ya kuchunguza watu. Ndugu zetu, huyo ndiye aliyekuwa mlinzi wa kikundi. Yeye ana simu ya mulika mwizi, hajui wingu ni kitu gani, lakini anajua jirani akiwa na mgonjwa unakwenda kumwona. Mkiwa na watu wa namna hiyo, msiwakemee. Wapeni kazi.

PILI: HATUA ZA SAA YA KWANZA

Hapa tuwaambie kisa cha kampuni moja iliyokufa. Iliitwa Code Spaces. Kazi yake ilikuwa kuwatunzia mafundi wa kompyuta kazi zao, nayo iliziweka kwenye wingu la kampuni ya Amazon. Mwezi Juni 2014 mwizi alipata ufunguo wa chumba cha uongozi cha akaunti yao, akataka alipwe. Wao wakakimbilia kubadilisha maneno ya siri. Lakini mwizi alikuwa ameshajitengenezea njia nyingine za kuingilia. Alipoona wanataka kumtoa, alianza kufuta. Kwa muda wa saa 12 hivi, karibu kila kitu kilikuwa kimekwisha, pamoja na nakala za akiba, maana nazo zilifunguliwa kwa ufunguo uleule. Kampuni ikatangaza kwamba haiwezi kuendelea na kazi.

Mnaona mfano huo na ule wa katibu wetu? Ni kosa moja. Wote wawili walifunga mlango wa mbele na kuuacha wa uani. Kwa hiyo fuateni utaratibu huu:

1. Piteni neno kwa sauti. Mpigieni kila mwanachama simu, au mtumeni kijana mbio kwa wale wasio na simu. Msiandike katika kikundi cha WhatsApp, kwa sababu mwizi yumo humo anasoma. Semeni maneno machache: "Akaunti imeingiliwa. Mtu asitume pesa mpaka asikie sauti ya mweka hazina."

2. Zuieni fedha. Aliyekwisha kutuma apige simu kwa kampuni ya simu mara moja, akiwa na ule ujumbe wa M-Pesa mkononi. Dakika chache zinaweza kuokoa fedha, maana mwizi naye ana haraka ya kuzitoa. Kama kikundi kina akaunti ya benki, benki nayo ijulishwe.

3. Fungeni milango yote kwa kikao kimoja. Tumieni simu ambayo haikuhusika. Wekeni neno jipya la siri. Halafu, hapo hapo, ingieni sehemu ya usalama ya akaunti na muondoe kila simu na kompyuta msiyoijua. Angalieni namba ya simu na anwani ya barua pepe za kurudishia akaunti: ni zenu kweli? Angalieni kama barua zinatumwa kwa mtu mwingine kimyakimya. Angalieni majina ya walioruhusiwa kufungua kitabu. Msiondoke mezani kabla hamjamaliza orodha hii.

4. Kwa WhatsApp iliyotekwa, mwenye laini aisajili upya kwa namba yake. Akiandika ile namba ya tarakimu sita inayomjia yeye, mwizi anatolewa. Kama mwizi ameweka namba yake ya siri ya hatua ya pili, itabidi kungoja siku 7 ndipo uingie, lakini katika siku hizo yeye naye yuko nje.

5. Msifute chochote. Ujumbe wa mwizi unauma kuutazama, lakini ni ushahidi. Pigeni picha ya kioo cha simu. Mtu mmoja achukue karatasi aandike: saa ngapi, nani aliona nini, nani alifanya nini. Baada ya siku tatu kila mtu atakuwa na hadithi yake, na karatasi hiyo ndiyo itakayowapatanisha.

6. Nendeni polisi mkaandikiwe namba ya OB. Kenya tuna sheria ya mwaka 2018 juu ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mitandaoni, kwa hiyo msikubali kuambiwa kwamba hilo ni jambo la kitoto. Tena iko Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Anayetunza habari za watu, zikiingiliwa na ikawa wenyewe wanaweza kudhurika, anatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data katika muda wa saa 72 tangu alipojua, na kuwajulisha wenye habari hizo. Namba za vitambulisho vya wanachama wenu ni mali yao. Wana haki ya kuambiwa kwamba zimeshikwa na mtu mwingine, wawe macho.

Mmesikia hiyo ya mwisho? Sheria yenyewe inatukataza kunyamaza. Na wazee wetu walisema kabla ya sheria: mficha maradhi, kifo humwumbua. Katibu na mama mwenyekiti hawakuwa watu wabaya. Walitaka kulinda amani. Lakini ile amani ya siku mbili iliwagharimu imani ya kikundi. Kama wangesema Alhamisi, mtu angesema, "Poleni, tufanyeje?" Waliposema Jumapili, watu walisema, "Mbona mlificha?"

TATU: KURUDISHA KILICHOPOTEA

Msianze kurudisha kitabu kabla hamjahakikisha mwizi ametoka. Huwezi kupanga vyombo ndani na mwizi bado yuko chini ya kitanda.

Mkihakikisha, tazameni kwanza pipa la taka la akaunti. Katika Google Drive, kwa mfano, kitabu kilichofutwa hukaa katika pipa hilo siku 30 kabla ya kupotea kabisa. Kwa hiyo mkiwahi, na mwizi hakulimwaga, mnakitoa kama kilivyokuwa. Na kama hakukifuta bali alibadilisha hesabu, kitabu cha namna hiyo huwa kinaweka historia yake, na mnaweza kurudi kwenye hali ya jana yake.

Kikundi chetu hakikuwa na bahati hiyo, pipa lilikuwa tupu. Basi wakafanya hivi. Jumapili mbili mfululizo walikaa chini ya mwembe. Kila mwanachama alikuja na kitabu chake kidogo cha hisa na simu yake yenye ujumbe wa M-Pesa. Daftari la zamani lililoliwa na panya lilitolewa darini. Mama mmoja akaleta daftari la shule la mjukuu wake: tangu siku tulipowaambia wahamie kwenye simu, yeye alikuwa anaandikiwa na mjukuu kila kilichosomwa mkutanoni, kwa sababu, alisema, hakuamini kitu asichoweza kukishika. Walisoma mstari mmoja mmoja kwa sauti. Mstari ulikubaliwa ukiwa na ushahidi wa maandishi au mashahidi wawili. Sisi tuliandika.

Karibu yote yalipatikana. Mkopo mmoja haukupata ushahidi, na mpaka leo majirani wawili hawakai benchi moja. Fedha za akina mama watatu hazikurudi, kikundi kikaamua kugawana hasara hiyo. Katibu alisafishwa jina lake mbele ya wote, wakamwomba aendelee. Alikataa kwa adabu. Hasara hiyo ya kumpoteza msichana mwaminifu hakuna kitabu inapoandikwa.

Ndiyo maana tunasema nakala ziandaliwe kabla. Watu wa kazi hii wana desturi rahisi: ziwe nakala tatu, katika vitu vya aina mbili, na moja iwe mbali. Kwa kijiji inawezekana hivi. Ya kwanza ni hiyo ya kwenye wingu. Ya pili ni ya karatasi: kila mwisho wa mwezi katibu anakili jumla ya kila mwanachama katika daftari, na wawili watie sahihi. Ya tatu ni picha ya kurasa hizo, au kopi yake, itunzwe mbali na nyumba ya katibu, na isifunguliwe kwa ufunguo uleule wa akaunti. Kumbukeni Code Spaces: nakala walikuwa nazo, zote zikining'inia kwenye ufunguo mmoja.

Na nakala ijaribiwe. Mara moja kwa miezi mitatu, fanyeni mkutano bila simu. Someni hesabu kutoka kwenye nakala ya karatasi. Mkishindwa, mmejua kabla mwizi hajawajulisha. Hata siku wingu lenyewe likifungwa, mtaweza kuendelea. Mwezi Julai 2023 tovuti ya serikali yetu ya eCitizen ilishambuliwa na kulemewa, na watu waliohitaji huduma wakabaki wanangoja. Mkutano wa kikundi usingoje.

NNE: KIKAO CHA BAADAYE

Moto ukizimwa, watu hutaka kwenda kulala. Tafadhali msiende. Fanyeni kikao kimoja cha kuulizana mambo matatu tu: Tuliona nini na lini? Tulifanya nini vizuri na nini vibaya? Kuanzia leo tunabadilisha nini? Swali la nne, "nani mchawi wetu," lisiwepo. Kikundi kinachomtafuta mchawi kinawafundisha watu kuficha, na mwizi ajaye atapata siku tano tena.

Kikundi kile kilifanya kikao hicho, na jawabu lao liko mbele ya macho yenu kila mkutano: sanduku la kufuli tatu. Mama mmoja aliuliza, "Kwa nini pesa zina kufuli tatu na kitabu kina moja?" Sote tukanyamaza. Wakaamua hivi: neno la siri analo katibu mpya. Hatua ya pili ya kufungua, ile namba ya tarakimu sita, inaingia katika simu ya mweka hazina. Hivyo katibu hawezi kudanganywa akatoa funguo zote mbili. Na zile namba za dharura ambazo akaunti hutoa ili kuifungua simu ikipotea, ziliandikwa kwenye karatasi, zikatiwa katika bahasha, na bahasha imo ndani ya sanduku lenyewe. Mjukuu wa yule mama sasa ndiye msaidizi wa katibu, na daftari lake la shule limepewa jalada gumu.

Wakapitisha pia sheria moja fupi, na watoto wao wanaiimba: namba ya tarakimu sita haiombwi na mwenyekiti, wala na mtu wa kampuni, wala na padre. Atakayeiomba ni mwizi.

Sisi nasi tumebadilika. Tulipowaambia waliache daftari tulikuwa tunafikiria panya tu. Tuliwaomba msamaha, nao walitupokea. Tangu hapo hatumshauri mtu ahamie kwenye wingu kabla hatujaona funguo ziko kwa nani na nakala iko wapi.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Vitabu vyetu viko wapi leo? Nani anaweza kuvifungua, na akisafiri au akiugua itakuwaje?

2. Katibu akituambia leo kwamba akaunti imeingiliwa, tutampokea kwa maneno gani?

3. Nani atawapigia wanachama simu katika saa ya kwanza? Je, namba zao ziko kwenye karatasi, au ziko katika hiyo hiyo akaunti iliyoibiwa?

4. Kabla ya mkutano ujao, nani atanakili hesabu, nani watatia sahihi, na nakala itatunzwa kwa nani?